Ufanisi, PER, BPM, plasi-mainasi au RAPM: kipimo kipi kinamfaa nani katika kupima thamani ya mchezaji wa kikapu

Kila msimu wa Ligi ya Kikapu Mkoa wa Dar es Salaam unapokaribia ukingoni, swali la mchezaji bora hurudi kwenye viti vya uwanja wa Don Bosco, Upanga, na kwenye makundi ya WhatsApp ya mashabiki wa Savio, Pazi, Vijana na JKT, na karibu kila mara hujibiwa kwa hesabu moja tu: nani amefunga pointi nyingi zaidi. Wale wanaoamka saa tisa usiku kutazama michezo ya NBA wana msamiati mpana zaidi, kwa kuwa wao hutaja PER, BPM na plasi-mainasi (tofauti ya pointi kati ya timu na wapinzani mchezaji akiwa uwanjani), lakini mara nyingi huvitaja vipimo hivyo kana kwamba ni majina tofauti ya kitu kimoja, ilhali kila kimoja kinajibu swali lake na kinadai data ya aina yake. Makala haya yanaviweka kimoja kando ya kingine kwa ajili ya watu wanaolazimika kuchagua: kocha anayepanga kikosi, mwanakamati anayetafuta mchezaji bora wa msimu, mtazamaji wa NBA anayetaka kubishana kwa hoja, na mtu anayesaka vipaji vya vijana. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Kipimo kinachoikaribia zaidi thamani halisi ya mchezaji ndicho kinachohitaji data nyingi kuliko vyote, na ligi zetu hazizalishi data ya kiasi hicho. Kwa hiyo chaguo linaloifaa Dar es Salaam haliwezi kuwa lilelile linaloifaa Denver au Boston.

Thamani ya mchezaji, kwa maana wanayoitumia wachambuzi, ni tofauti ya pointi anayoiletea timu yake ikilinganishwa na jinsi timu hiyohiyo ingekuwa kama nafasi yake ingejazwa na mchezaji wa wastani. Hakuna awezaye kuiona tofauti hiyo kwa macho, kwa sababu mchezo mmoja hauchezwi mara mbili. Vipimo vyote, basi, ni makadirio, na njia za kukadiria ni mbili. Njia ya kwanza huanza na yale aliyoyafanya mchezaji mwenyewe na yakaandikwa kwenye karatasi ya takwimu, kama vile pointi, rebaundi (mpira uliodakwa baada ya mtupo kukosa) na asisti (pasi inayozaa kapu), kisha huyapa kila moja uzito wake. Njia ya pili haijali alifanya nini. Inauliza tu timu ilishinda au ilishindwa kwa pointi ngapi katika dakika alizokuwa uwanjani. Ya kwanza ni tulivu lakini haiyaoni yasiyoandikwa. Ya pili inagusa kila kitu, hata skrini (mchezaji kusimama na kumzibia njia mlinzi wa mwenzake) iliyowekwa vizuri na sauti ya mlinzi anayewapanga wenzake, lakini matokeo yake yamechanganyika na bahati kwa kiasi ambacho wengi hawakidhanii.

Vipimo vinavyotokana na karatasi ya takwimu

Kilicho chepesi kuliko vyote ni kipimo cha ufanisi kinachotumiwa katika mashindano ya FIBA, shirikisho la kikapu la kimataifa. Hujumlisha pointi, rebaundi, asisti, mipira iliyoporwa na mitupo iliyozuiwa, kisha hutoa mitupo iliyokosa, mitupo huru iliyokosa na mipira iliyopotezwa. Mwenye kalamu na karatasi anaweza kukikokotoa kabla wachezaji hawajamaliza kubadilisha jezi.

Tuchukue wachezaji wawili wa kubuni katika mchezo mmoja. Wa kwanza, mchezaji wa nje mwenye jina kubwa, amefunga pointi 22: ameingiza mitupo 8 kati ya 21, ambapo ile ya pointi tatu ni 2 kati ya 7, na mitupo huru 4 kati ya 6, ana rebaundi 5, asisti 2, amepora mpira mmoja na amepoteza minne. Mazuri yake yanafika 30, mabaya 19, na ufanisi wake ni 11. Wa pili, anayecheza chini ya kapu, amefunga pointi 8 tu kwa kuingiza mitupo 4 kati ya 6, lakini ana rebaundi 9, asisti 3, amepora mipira miwili, amezuia mtupo mmoja na amepoteza mpira mmoja. Mazuri yake ni 23, mabaya 3, ufanisi 20. Kwa anayehesabu pointi peke yake, mshindi ni wa kwanza bila mjadala. Kwa ufanisi, wa pili anakaribia kumzidi mara mbili. Hapo tayari tumepiga hatua kubwa kwa gharama ndogo sana, na ndiyo maana sikubaliani na wanaokidharau kipimo hiki kwa sababu ya urahisi wake.

Kasoro zake, hata hivyo, ni za msingi. Rebaundi moja inapewa uzito sawa na pointi moja, ingawa rebaundi ya ulinzi mara nyingi ni kazi ya watu watatu wanaowazuia wapinzani wasisogee, huku mmoja tu akiandikiwa. Hakuna marekebisho ya dakika wala ya kasi ya mchezo, hivyo timu inayokimbia sana huwapa wachezaji wake namba kubwa hata kama inafungwa.

Mchambuzi John Hollinger aliitengeneza PER ili kutibu tatizo hilo la dakika na kasi. PER huhesabiwa kwa dakika, hurekebishwa kwa kasi ya timu, na kila msimu wastani wa ligi huwekwa kuwa 15, jambo linalorahisisha kulinganisha misimu. Nikola Jokić wa Denver Nuggets, aliyechaguliwa wa 41 katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA mwaka 2014, alifikisha PER ya 32.85 katika msimu wa 2021–22, rekodi ya juu kuliko zote katika NBA hadi wakati huo. Lakini PER ina udhaifu ambao mchumi David Berri aliuonyesha kwa hesabu: kwa uzito uliowekwa, mchezaji anaongeza thamani yake kila anaporusha, ilimradi anaingiza zaidi ya asilimia 30 hivi ya mitupo ya pointi mbili au zaidi ya asilimia 21 hivi ya mitupo ya pointi tatu. Mrudie mchezaji wetu wa kwanza. Mitupo yake ya pointi mbili ni 6 kati ya 14 na ya pointi tatu ni 2 kati ya 7. Kila upande unatoa pointi 0.86 kwa mtupo, kiwango ambacho timu nzuri haiwezi kuishi nacho, na bado PER ingemhesabia mitupo hiyo kama faida. Kwa ligi ambayo tayari inawatukuza warushaji wengi, kipimo chenye kasoro hii kinazidisha tatizo lilelile lililotufanya tukakitafuta. Sikipendekezi.

Win Shares, iliyoandaliwa na Justin Kubatko kwa kuazima wazo la Bill James la mchezo wa besiboli na hesabu za Dean Oliver za kikapu, inagawa ushindi wa timu kwa wachezaji wake, na jumla ya mgao hukaribiana na idadi ya michezo ambayo timu hiyo ilishinda. Inaeleweka haraka na inafaa kusimulia historia ya mchezaji. Udhaifu wake uko kwenye ulinzi: sehemu kubwa ya sifa za ulinzi hutokana na ulinzi wa timu nzima, hivyo mlinzi mzembe aliyezungukwa na walinzi hodari huandikiwa asichokifanya.

BPM ya Daniel Myers ndiyo ninayoiona kuwa bora katika familia hii, na sababu ni namna uzito ulivyopatikana. Badala ya mtu kukaa na kuamua kwamba asisti ina thamani kiasi fulani, Myers aliuliza: miongoni mwa wachezaji ambao plasi-mainasi yao ya miaka mingi inajulikana, ni matukio gani ya karatasi ya takwimu yaliyoambatana na kuzisaidia timu zao? Regresheni, yaani hesabu ya takwimu inayotafuta jinsi mambo yanavyohusiana, ndiyo iliyotoa uzito. Sifuri ni mchezaji wa wastani wa ligi. +5 maana yake timu inapata pointi 5 zaidi kwa kila zamu 100 (zamu ni kila mara timu inapomiliki mpira) kuliko ambavyo ingepata kwa mchezaji wa wastani. Na −2 ni kiwango cha mchezaji wa akiba anayepatikana kwa urahisi. Isitoshe, namba za wachezaji wa timu moja hurekebishwa ili jumla yao ilingane na uwezo wa timu yenyewe.

Hata hivyo, BPM inatufundisha pia jinsi vipimo hivi vilivyo dhaifu kwa uzito unaochaguliwa. Russell Westbrook katika msimu wa 2016–17 alikuwa na wastani wa pointi 31.6, rebaundi 10.7 na asisti 10.4, na toleo la kwanza la BPM lilimweka kileleni mwa historia. Toleo la pili lilipotoka mwaka 2020, likiwa limebadilisha namna ya kuthamini matukio kulingana na nafasi na jukumu la mchezaji, msimu uleule uliteremshwa kwa kiasi kikubwa. Michezo ilikuwa ileile na matukio yalikuwa yaleyale; kilichobadilika ni fomula. Anayesoma namba hizi hana budi kukumbuka kwamba anasoma pia maamuzi ya aliyeziandaa.

Plasi-mainasi, na kiasi cha bahati kilichomo ndani yake

NBA ilianza kuweka plasi-mainasi kwenye karatasi zake rasmi za takwimu katika msimu wa 2007–08. Hesabu yake haina fumbo: pointi za timu yako zikitolewa pointi za wapinzani katika muda uliokuwa uwanjani. Kwa kuwa haimpendelei mrushaji wala mrefu, wengi huichukulia kuwa ndiyo haki yenyewe, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu ndicho kipimo kinachotumiwa vibaya kuliko vyote.

Tatizo la kwanza linafahamika: mchezaji wa kawaida anayeingia pamoja na nyota atabebwa na nyota, na mzuri anayeingia na akiba dhaifu atazama nao. Tatizo la pili ndilo lisilosemwa vya kutosha. Fikiria kijana anayeingia robo ya tatu na kucheza dakika sita. Katika muda huo wapinzani wanarusha mitupo mitano ya pointi tatu, yote ikiwa imebanwa vizuri, na wanaingiza minne. Kwa kiwango cha kawaida cha mtupo mmoja kati ya mitatu, wangeingiza mmoja au miwili, yaani kama pointi 5, lakini wamepata 12. Pointi 7 zimeingia kwenye hesabu ya kijana huyo bila yeye kufanya kosa lolote. Mitupo huru ya wapinzani ni mfano ulio wazi zaidi, kwa sababu hakuna mlinzi duniani anayezuia mtupo huru, lakini ikiingia yote anaandikiwa, na ikikosa yote anasifiwa.

Tukiiweka bahati hiyo kwenye hesabu, picha inatisha. Kila zamu ya kushambulia huishia kwa kawaida na pointi 0, 1, 2 au 3. Wastani ni karibu na 1, na mtawanyiko wa kawaida wa zamu moja, yaani kiasi ambacho matokeo huyumba kuuzunguka wastani, ni takribani pointi 1.15. Mchezaji wa dakika 30 katika mchezo wa dakika 40 hushiriki takribani zamu 55 za kushambulia na 55 za kulinda. Akicheza michezo 20, anafikisha zamu 1,100 hivi kwa kila upande. Kwa idadi hiyo, bahati peke yake ina mtawanyiko wa karibu pointi 5 kwa kila zamu 100, na kwa kanuni za kawaida za takwimu, karibu mchezaji mmoja kati ya watatu atasukumwa juu au chini zaidi ya hapo. Pointi 5 kwa zamu 100 ndiyo tofauti kati ya mchezaji wa wastani na nyota wa kiwango cha All-Star, mchezo wa kila mwaka wa nyota wa NBA. Maana yake ni kwamba katika msimu wa urefu huo mchezaji wa wastani kabisa anaweza kuonekana nyota, na nyota akaonekana wa kawaida, bila mtu yeyote kukosea kuhesabu. Plasi-mainasi ya mchezo mmoja, ile inayosambazwa kama picha kwenye simu dakika chache baada ya filimbi ya mwisho, haina uzito wowote wa kumhukumu mtu.

Marekebisho, na gharama yake

Tatizo la wenzake wa uwanjani lilitafutiwa dawa mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Wayne Winston na Jeff Sagarin waliiandalia Dallas Mavericks mfumo wa kupima wachezaji kwa kuzingatia nani alikuwa uwanjani pamoja nao na dhidi yao, na mwaka 2004 Dan Rosenbaum alichapisha njia ya wazi ya kufanya hivyo. Kila kipande cha mchezo ambacho hakina mabadiliko ya wachezaji hugeuzwa kuwa mlinganyo: watu watano upande huu, watano upande ule, na tofauti ya pointi iliyopatikana. Msimu wa NBA wenye michezo 1,230 huzalisha makumi ya maelfu ya vipande hivyo, na regresheni hutafuta thamani za wachezaji zinazoyaeleza matokeo yote kwa pamoja.

Ugumu unajitokeza pale wachezaji wawili wanapoingia na kutoka pamoja karibu kila mara. Hesabu haina namna ya kujua sifa ni za nani; inaweza kumpa mmoja +15 na mwingine −10, na jumla ikabaki sahihi huku kila upande ukiwa upuuzi. Mwaka 2010, katika mkutano wa uchambuzi wa michezo wa MIT Sloan, Joe Sill aliwasilisha RAPM, inayotumia regresheni yenye adhabu: kila makadirio huvutwa kuelekea sifuri, isipokuwa pale ushahidi unapokuwa na nguvu ya kuupinga mvuto huo. Matokeo yalitabiri michezo ijayo vizuri zaidi kuliko njia ya awali. Lakini mvuto huo una maana ambayo msomaji asipoijua atapotoka: mchezaji wa dakika chache anayeonyesha sifuri hajathibitishwa kuwa wa wastani. Amekosa tu ushahidi, na hesabu imemwacha ilipomkuta.

Vipimo vya kisasa vya NBA huunganisha familia zote mbili. Huanza na makadirio ya karatasi ya takwimu, kisha huacha plasi-mainasi iyasogeze taratibu. RPM ya ESPN ilitoka mwaka 2014. EPM ya Taylor Snarr, LEBRON ya BBall Index na DARKO ya Kostya Medvedovsky ziko katika kundi hilohilo. RAPTOR ya tovuti ya FiveThirtyEight, iliyotumia pia data ya kamera zilizowekwa katika viwanja vyote vya NBA tangu msimu wa 2013–14, ilianza 2019 na ikasitishwa 2023, kwa hiyo anayeikuta kwenye mijadala leo ajue kwamba inahusu misimu iliyokwisha.

Faida ya familia ya pili huonekana kwa wachezaji wa aina ya Shane Battier, ambaye akiwa Houston Rockets alikuwa na namba za mchezaji wa kawaida kwenye karatasi, lakini uongozi wa Daryl Morey ulimthamini kwa sababu timu ilikuwa bora alipokuwa uwanjani. Draymond Green naye alikuwa na wastani wa pointi 8.5 tu katika msimu wa 2022–23. Ni mlinzi bora wa ligi wa mwaka 2017 na amebeba ubingwa mara nne akiwa na Golden State Warriors. Anayewapima wawili hao kwa PER atawaacha nje ya mazungumzo. Kwa Jokić, mchezaji mwenye thamani zaidi wa 2021, 2022 na 2024, familia zote mbili zinasema jambo moja, na makubaliano ya namna hiyo yana uzito kuliko kipimo chochote kikisimama peke yake.

Ulinzi ndipo vyote vinapokwama

Upande wa kushambulia, vipimo vizuri hukaribiana. Upande wa kulinda, hutofautiana sana kuhusu mtu yuleyule, na sababu ni ya wazi: karatasi ya takwimu huandika mtupo uliozuiwa na mpira ulioporwa, lakini haiandiki mtupo ambao mpinzani aliamua kutourusha kwa sababu alimwona mlinzi amesimama mahali pake.

Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam na Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, anatupa mfano ulio karibu nasi. Katika msimu wake wa mwisho Chuo Kikuu cha Connecticut, 2008–09, alikuwa na wastani wa pointi 13.6, rebaundi 10.8 na mitupo 4.2 iliyozuiwa kwa mchezo. Memphis Grizzlies walimchagua wa pili mwaka 2009, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Msimu wake wa kwanza alicheza kama dakika 13 kwa mchezo na kuzuia mitupo 1.3, na Februari 2010 alipelekwa Dakota Wizards katika ligi ya maendeleo. Lakini ukiihesabu ile 1.3 kwa dakika 36, unapata mitupo 3.6 hivi, idadi ambayo mlinzi yeyote wa kapu angejivunia. Namba iliyompandisha, kwa kweli, alienda nayo Memphis. Kilichopimwa upya ni yale ambayo namba hiyo haikuwahi kuyabeba, kama vile faulo, kasi ya miguu mpinzani anapomvuta mrefu mbali na kapu, na kudaka pasi katikati ya msongamano. Nasikitika kila ninapoona simulizi yake ikifupishwa kuwa ya mtu aliyeshindwa, wakati kwa sehemu kubwa ni simulizi ya kipimo kimoja kilichobebeshwa mzigo wa vipimo kumi.

Nani achague kipi

Mtazamaji wa NBA ana kazi nyepesi zaidi, kwa sababu data ipo na wengine wamekwisha kuichakata. Atumie EPM au kipimo kingine cha mchanganyiko kwa msimu wa sasa, na BPM kwa kulinganisha misimu ya zamani, ambayo inafika hadi 1973–74, msimu NBA ilipoanza kuandika rasmi mitupo iliyozuiwa na mipira iliyoporwa. Tofauti ya chini ya pointi moja au mbili kati ya wachezaji wawili asiigeuze kuwa hoja, kwani iko ndani ya makosa ya kawaida ya makadirio.

Kwa kocha wa klabu ya Dar es Salaam, RAPM haipatikani na haitapatikana kwa ligi ya urefu wetu, hata kama kila mchezo ungeandikwa kwa ukamilifu. Karatasi rasmi ya FIBA ya mezani huandika pointi zinavyoongezeka, faulo, na nani alianza au aliingia, lakini haiandiki dakika ya kila mabadiliko, hivyo hata plasi-mainasi ya kawaida haiwezi kutolewa humo. Programu ya FIBA LiveStats huitoa yenyewe pale inapotumika. Pasipo programu hiyo, msaidizi mmoja mwenye daftari anatosha, akiandika mstari mmoja kwa kila badiliko: robo ya 2, zimebaki dakika 6:40, matokeo 24–21, ametoka 7, ameingia 12. Kwa mistari hiyo kocha asitafute thamani ya mtu mmoja mmoja, kwa sababu bahati itamdanganya kama tulivyoona. Atafute jozi na vikundi vya watu watatu wanaocheza pamoja kwa muda mrefu, na badala ya kuhesabu pointi zilizoingia ahesabu mambo yanayotulia mapema: wapinzani wamerusha mitupo mingapi kutoka chini ya kapu kikundi hicho kikiwa uwanjani, rebaundi ngapi za ulinzi zimepatikana kati ya zilizokuwepo, na mipira mingapi imepotea. Mtupo wa pointi tatu wa mpinzani uliobanwa vizuri ukaingia bado ni ulinzi mzuri, na daftari linaloandika mtupo uliporushwa wapi litamwambia kocha hivyo, wakati ubao wa matokeo hautamwambia.

Mwanakamati anayechagua mchezaji bora anahitaji kitu kinachokaguliwa na kila klabu, kinachoeleweka na mchezaji mwenyewe, na kisichobadilika kulingana na nani anafanya hesabu. Ningemshauri atumie ufanisi wa FIBA uliogeuzwa kuwa wa dakika 40, kwa wachezaji waliotimiza kiwango cha chini cha dakika kilichotangazwa kabla ya msimu, na kando yake aweke usahihi halisi wa mitupo: pointi zikigawanywa kwa mara mbili ya jumla ya mitupo ya kawaida na mitupo huru iliyozidishwa kwa 0.44. Mchezaji wetu wa pointi 22 anapata asilimia 46.5 hivi, na yule wa pointi 8 anapata 66.7. Kwa kuwa ufanisi huwapendelea warefu wanaokusanya rebaundi, ni haki kuwalinganisha wachezaji wa nje kwa wa nje kabla ya kuwaweka wote kwenye orodha moja. Tuzo ya mlinzi bora isitolewe kwa namba kabisa. Itolewe kwa kura za makocha walioandaa mipango ya kumkwepa mtu huyo, maana hao ndio wanaojua ni mitupo ipi waliwakataza wachezaji wao kuirusha.

Anayesaka vipaji kati ya vijana wa shule na wa viwanja vya JMK Park aiweke plasi-mainasi pembeni. Katika timu za vijana pengo la uwezo kati ya mchezaji wa kwanza na wa nane ni kubwa mno, wapinzani wanatofautiana kupita kiasi, na michezo ni michache. Aangalie asilimia ya mitupo huru, ambayo haitegemei mlinzi wala mwenzake na huashiria vizuri zaidi mkono utakaorusha kutoka mbali baadaye. Aangalie uwiano wa asisti na mipira iliyopotezwa kwa anayepanga mchezo. Na kwa mrefu, mbali na mitupo aliyozuia, ahesabu ni mara ngapi alizuia bila faulo na mara ngapi mpira uliozuiwa ulibaki mikononi mwa timu yake badala ya kurukia jukwaani.